Dozi ya Shangazi Somoe

Siku Faidha alipompokonya mtoto wa mdogo wake Mujibu kijiko cha uji kikiwa kimeshafika mdomoni, ukoo mzima ulikubaliana kwamba ile ilikuwa heshima. Mtoto alilia, uji ukamwagika mkekani, Faidha akabeba sufuria nzima mpaka nyuma ya nyumba, akawamwagia kuku, akaanza kuosha upya. Mama yake, Mwanaheri, alikuwa amesimama mlangoni na funguo za duka mkononi. Alimwona binti yake amechuchumaa, mifupa ya mabega imemtoka kama ng'ombe wa kiangazi, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa kuliko kioo cha saluni. Majirani wa pale Masasi walisema, binti gani wa siku hizi anajali namna hiyo? Kuku wa majirani, ambao ndio waliofaidi kuliko wote, hawakusema kitu.

Jambo lenyewe lilikuwa chumvi. Katika ukoo wa mume wa Mwanaheri, Fikirini, wavulana wakiwa jandoni chakula chao hutiwa chumvi na mkono mmoja tu, na mkono huo lazima uwe safi: usiwe umelala na mwanamume, usiwe kwenye siku zake, usiwe na mawazo machafu. Mkono ukikosea, kidonda cha mtoto kinaoza. Faidha alipokuwa msichana wa sekondari ndiye aliyetia chumvi ya jando la mdogo wake Mujibu, na kidonda cha Mujibu kikaoza. Kilioza kwa sababu kilifungwa kitambaa kichafu, na sindano za zahanati zikakiponya kama zinavyoponya uchafu wowote. Lakini maneno kuhusu mkono yalikuwa yameshaenea. Mujibu alipona, akaota ndevu, akafeli mitihani, akaoa. Ni dada yake tu aliyebaki jandoni.

Alianza kwa kuuliza. Mama, nilinawa? Mama, nilipotia chumvi niliwaza nini? Mwanaheri, ambaye ana stashahada ya kilimo, duka la pembejeo na muda mfupi, alikuwa anamjibu haraka ili kazi nyingine ziendelee: ulinawa, hukuwaza kitu, lete sahani. Jibu lilimtosha Faidha kwa muda wa kufunga mlango na kuufungua. Kisha alimpigia simu shangazi yake Somoe, kungwi wa Newala, dada mkubwa wa Fikirini, mwanamke ambaye wasichana waliofunzwa naye walikuwa wakimwota hata baada ya kuzaa. Shangazi hakuwa na haraka. Alisikiliza, akavuta pumzi, akatoa hukumu: kama una shaka, mwaga, anza upya. Faidha alimwaga, akaanza upya.

Sifa zikaenea. Watu walitoka Newala wamevaa kanzu kama waposaji, wakakaa sebuleni, wakanywa soda, na kumbe walikuja kuazima mpishi. Hakuna jando la maana lililofanyika bila mkono wa Faidha. Kwamba mpishi mwenyewe alikuwa hali alichopika, kwamba alishinda jikoni kuanzia alfajiri akitoka na sufuria moja ya wali, kwamba wachumba waliacha kuja kwa sababu hakuna anayeoa mkono peke yake, hayo yaliitwa uchamungu. Daktari wa Mtwara aliyaita ugonjwa. Alimpa vidonge, akavibadilisha, akaviongeza, mpaka naye akachoka. Alipomwona Faidha ameletwa amezimia kwa njaa, aliandika rufaa kwenda Dar es Salaam, kwenye kliniki yenye mashine ya sumaku.

* * *

Kwa kuwa hakuna mtu wa ukoo ule anayetibiwa bila ukoo kujua, iliwabidi wapande Newala kuaga. Fikirini aliendesha gari la kuazima. Fikirini alikuwa mtu wa kukubaliana. Masasi alikubaliana na mkewe, Newala alikubaliana na dada yake, na pale katikati, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine, alikubaliana na redio.

Walimkuta Shangazi Somoe ameshaandaa kikao, na wali, na kuku. Jando la wajukuu zake lilikuwa linaanza wiki ileile, na alidhani wageni wamekuja kumkabidhi mpishi. Alipoambiwa safari ni ya Dar es Salaam, aliuliza kama hiyo mashine haiwezi kungoja jando liishe. Ubongo, alisema, hauozi.

Mwanaheri alieleza. Alieleza vizuri, kama anavyowaeleza wakulima kupuliza salfa kwenye mikorosho. Kuna kofia, ndani ya kofia kuna sumaku, sumaku inagonga kwa juu, inausisimua ubongo mahali ambapo wazo limekwama likizunguka. Hakuna kisu wala usingizi. Hapo angenyamaza. Lakini Mwanaheri hajaumbwa kunyamaza, na mzee mmoja alipouliza kama kichwa hakitobolewi, akasema ukweli wote: ipo aina nyingine, ya wagonjwa walioshindikana kabisa, ambao huko nje huingizwa nyaya ndani ya ubongo, ila hii siyo hiyo. Kuanzia hapo kikao hakikusikia kitu kingine. Faidha anatiwa nyaya. Mzee mmoja alitaka kujua kama nyaya hizo zitamzuia kuswali. Mwingine aliuliza zitalipiwa umeme wa luku na nani.

"Mnataka kumpiga mtoto umeme," alisema Shangazi Somoe taratibu, "kwa kosa la kuwa msafi."

"Msafi gani, wifi, asiyekula?"

"Anafunga."

"Anafunga mpaka anazimia?"

"Kuna watu hawafungi hata Ramadhani inapowakuta na afya zao," alisema Shangazi, akaangalia ukutani ili kila mtu ajue hamwangalii wifi yake.

Fikirini alikohoa akasema kwamba pande zote mbili zina hoja. Mwanaheri alimgeukia binti yake, aliyekuwa amekaa pembeni huku ameficha mikono ndani ya kanga, akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Watu walishangaa kidogo, maana halikuwa swali lililokuwa kwenye ajenda.

"Nataka nile," alisema Faidha.

Shangazi aliona ameshinda. Alifunua bakuli, akapakua wali, akausogeza mbele ya Faidha, akasema kama ni kula tu, chakula kipo. Faidha alikitazama. Aliinua mkono, akaushusha, akauliza kwa sauti ndogo chumvi imetiwa na nani. Mama mtu akasimama.

"Wifi, mwanangu si msafi. Mwanangu ni mgonjwa, na wewe ndiye unayempikia ugonjwa."

Waliondoka bila kula. Kukataa chakula ni tusi popote. Kukataa chakula Newala, kilichopikwa kwa maji ya kununua ndoo kwa ndoo, ni uadui. Fikirini alibaki nyuma kidogo kukubaliana na dada yake, kisha akawafuata garini.

* * *

Pesa za korosho za msimu ule ziliishia kwenye kliniki kabla Faidha hajakaa kwenye kiti. Daktari Oliva, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembeleza watoto, hakuahidi muujiza. Wengine wanapata nafuu kubwa, alisema, wengine ndogo, wengine hawapati. Watakuja kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Halafu akaeleza jambo ambalo Mwanaheri alilisikia kana kwamba mhasibu amemwambia ana deni la duka lisilo lake.

Kabla ya kuwasha sumaku, ilibidi hofu iamshwe. Ugonjwa ukiwa umelala, sumaku inagonga bure. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kofia, mtu angemwambia Faidha maneno yale yale anayoyaogopa, mpaka moyo umwende mbio, na hapo ndipo mashine ingeanza.

"Hiyo niachie mimi," alisema Mwanaheri. Maisha yake yote alikuwa akiambiwa ana mdomo. Sasa mdomo umeandikwa na daktari.

Alivuta kiti, akamkazia macho binti yake, akasema kwamba chumvi aliyoitia juzi imempata mtoto wa Mujibu, tumbo limevimba, huenda asiione Ijumaa. Alisema kwa ukali, bila kupepesa. Mtaalamu wa mashine aliacha alichokuwa anafanya akamtazama kwa hofu. Faidha naye alimtazama, ila kwa huruma.

"Mama, huamini hata neno moja. Unasema kama unauza mbolea."

Alijaribu tena. Aliongeza jeneza. Faidha akamwomba apumzike, asije akapandisha presha. Daktari Oliva aliandika kitu, kisha akamuuliza Faidha ni sauti ya nani inayomfanya akimbilie maji. Faidha hakufikiri.

"Shangazi Somoe."

"Yupo Dar?"

"Yupo Newala. Hazungumzi na mama."

Daktari alisema simu inatosha. Kisha, kwa upole uleule, akamwomba Mwanaheri aache kumjibu Faidha maswali ya chumvi kuanzia siku ile. Kila jibu, alisema, ni kijiko cha uji kwa ugonjwa. Mwanaheri alitaka kusema kwamba aliyekuwa akiulisha ni mwingine, yuko Newala. Lakini alikumbuka miaka ya "ulinawa, lete sahani", akanyamaza, jambo ambalo lingewashangaza wote waliomfahamu.

* * *

Fikirini, aliyebaki Masasi, alitumwa kupeleka ombi. Alipiga simu na jibu: dada ameumia, dada hatumwi na mtu, dada anataka kusikia kutoka kwa mwenyewe. Na anataka asubuhi, boza la maji likifika. Mwanaheri alielewa sababu ya saa hiyo kabla Fikirini hajamaliza kuitaja. Boza likifika, wanawake wote wa mtaa wanakuwa nje na ndoo zao, na simu ya Shangazi Somoe ina spika kubwa.

Alipiga akiwa kwenye ujia wa kliniki, mgongo ameupa ukuta.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama Faidha."

"Mama Faidha yupi? Yule anayeogopa chakula changu?"

Ndoo ziligongana, mtu akacheka. Mwanaheri alifumba macho. Alisema amekosa, alimtukana mbele ya watu, anaomba radhi mbele ya watu.

"Sauti ndogo," alisema Shangazi. "Huku boza linanguruma."

Akarudia kwa sauti ya kuuzia mnadani. Wagonjwa waliokuwa kwenye viti waliinua vichwa, mlinzi akasogea. Kule Newala mwanamke mmoja akasema kwa Kimakonde jambo ambalo Mwanaheri, aliyeolewa na watu hao miaka mingi, alijuta kulielewa. Shangazi aliacha lizame vizuri ndipo akauliza wanachotaka kwake, na mashine wanayo.

"Tunataka umtishe Faidha."

"Rudia."

Alieleza kwa kifupi kuliko alivyowahi kueleza chochote. Mashine haifanyi kazi mpaka hofu iamke, na yeye ameshindwa kuiamsha. "Mtoto hanisikii mimi, wifi. Anakusikia wewe." Katika ndoa yake yote hakuwahi kumpa wifi yake sifa kubwa kama hiyo, na lililomuuma zaidi ni kwamba ilikuwa kweli.

"Kwa hiyo," alisema Shangazi, polepole, ili mstari mzima wa ndoo usipitwe, "Dar es Salaam yote hiyo, na madaktari wake, na umeme wake, imekwama. Inamngoja Somoe."

"Imekwama, wifi."

"Subirini nijaze ndoo."

* * *

Alikuwa na kipaji, hilo hakuna aliyelipinga. Hakupiga kelele. Alianza kwa kumuuliza Faidha ameamkaje, akamwacha ajibu, kisha akanyamaza muda ambao mtu yeyote aliyefunzwa naye angeshaanza kuungama. Baadaye ndipo alipoingia. Wewe umekimbia, alisema, na chumvi ya watoto ametia mtu nisiyemjua. Mkono gani huo, sijui. Ametoka wapi, sijui. Likitokea la kutokea, mimi nitawaambia wazazi wao mpishi wangu yuko Dar es Salaam amevaa kofia.

Faidha alitetemeka mpaka meno yakagongana. Aliomba kwenda kunawa, akakataliwa. Alimwomba mtaalamu ampigie mtu yeyote Newala aulize kama watoto wako salama, akakataliwa. Kofia ikashushwa, na sumaku ikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, kama kigong'ota aliyepewa mti na muda. Mwanaheri, nje ya mlango, alisikia yote. Alikuwa ametoka Masasi ili kumtoa mwanawe kwenye mdomo ule, na sasa alikuwa anaununulia vocha.

Wiki za mwanzo hazikuleta kitu. Nyumbani kwa ndugu walikofikia, Faidha alikula ndizi zenye maganda na mayai ya kuchemsha, vitu ambavyo chumvi haina mlango wa kuingilia. Aliuliza maswali yake na Mwanaheri hakujibu. Ili asijibu, mama mtu alitafuna pindo la kanga, alikwenda uani, aliwahi kujifungia chooni mpaka mwenye nyumba akabisha akiuliza kama anaumwa tumbo. Mtoto analia mlangoni anataka neno moja tu, na neno unalo, na ni la kweli, na hulitoi. Jamaa wa ndugu zao waliokuja kusalimia walinong'ona kwamba mama yule ana roho ngumu. Wengine walisema ndivyo walivyo wanawake waliosoma.

Fikirini alipiga simu kila siku kuuliza nafuu, na kila alipoambiwa hakuna, alikubali.

Aliyeanza kubadilika, kwa namna yake, alikuwa Shangazi. Alizoea kukata simu akishamaliza dozi yake. Siku moja hakuishia hapo. Alimpigia Mwanaheri baada ya kipindi, akajifanya anauliza bei ya salfa.

"Leo nilimtisha sana?" akauliza mwishoni.

"Kiasi."

"Alilia?"

"Alilia."

"Amekula?"

"Hajala, wifi."

"Basi kesho nitazidisha," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongeza kuni.

Akazidisha. Aliwaua ndugu wa mbali, kisha wa karibu. Aliozesha vidonda, alifunga visima, alileta mbu. Siku moja alimzika hata Fikirini, na Fikirini alipoambiwa akasema hana kinyongo. Faidha akawa analia kidogo kuliko mwanzo, au Mwanaheri alitaka kuamini hivyo. Jioni moja alimega chapati iliyopikwa na mwenye nyumba, akakaa nayo mkononi mpaka ikapoa, akaila nusu. Asubuhi yake aliamka na hofu kubwa kuliko siku zote, akaosha mikono hadi ngozi ikapasuka. Daktari Oliva alisema ndivyo inavyokwenda, mbele na nyuma, na kwamba hata ikifika mwisho isitegemewe kumfuta kabisa yule wa zamani. Mwanaheri aliuliza kama kuna uhakika wowote anaoweza kuwapelekea watu wa nyumbani. Daktari alisema hakuna. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwanaheri kumpenda daktari yule.

* * *

Ikafika siku ambayo Mwanaheri hakungoja mlangoni. Hakuweza tena kusikiliza. Shangazi alipoanza salamu, yeye alitoka nje ya geti mpaka kwa mama muuza chai aliyekuwa kivulini mwa ukuta, akaagiza kikombe, akakaa kwenye benchi. Hata chai haijapoa, simu yake ikaita. Ilikuwa Newala.

"Mama Faidha." Hakukuwa na salamu. "Mtoto wako amenikatia simu."

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumkatia simu Somoe. Hata wanaume hawakuwahi, wala wale waliofiwa. Mwanaheri alifungua mdomo kuomba radhi, kwa kuwa sasa alikuwa na uzoefu, kisha akasita.

"Amekata yeye, au mtandao?"

"Mtandao gani. Nimemwambia mjukuu wangu ana homa kule jandoni, kidonda kimeharibika kwa sababu yeye alikimbia. Nimemwambia vizuri kabisa, hata mimi mwenyewe mwili umenisisimka. Unajua amenijibu nini?"

"Sijui."

"'Shangazi, mpelekeni zahanati.' Halafu akakata."

Mwanaheri aliweka kikombe chini. Aliuliza kama mtoto kweli ana homa. Shangazi alisema hana, jana wameleta habari kwamba anakula kuliko wenzake, hilo si suala. Suala ni adabu.

"Hakupiga tena?"

"Kupiga nini?"

"Kuomba radhi. Kuuliza kama umekasirika. Kuuliza nani alitia chumvi."

"Hajapiga. Nimekaa na simu mkononi nangoja, hajapiga." Sauti ya Shangazi ilipungua kidogo, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli. "Miaka yote hii hajawahi kukaa hata dakika bila kunipigia. Haniogopi tena, Mama Faidha. Mmemfanya nini?"

Mwanaheri alijaribu kujibu. Kwa mwanamke asiyekosa neno, ilikuwa aibu: midomo ilicheza, sauti haikutoka, na kilichotoka hakikuwa maneno. Mama muuza chai aliacha birika, akamshika bega, akamuuliza nani amefariki.

"Unalia nini sasa?" alisema Shangazi Somoe simuni, kwa hasira. "Aliyekatiwa simu ni mimi."